Nyangumi Aliyemkimbilia na Ndege Aliyemwacha

Kaka yangu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu.

Shuleni alipenda wanyama kupita kiasi. Siku moja mwalimu alifungua dawati la kaka, akakuta popo mfu amefungwa vizuri kwenye leso. Marehemu alichapwa, akafuta machozi, kisha akaomba arudishiwe popo wake.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika jumba la makumbusho, akapanda hadi kuwa mkuu wa idara ya wanyama. Mwaka 1978 alimwoa wifi yangu, mwalimu wa muziki. Wifi ndiye aliyemwonyesha kisitu kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, makao ya mwisho yaliyojulikana ya ndege mmoja mdogo wa kijivu, mwimbaji hodari.

Tarehe 3 Septemba 1991 marehemu alitakiwa kukitetea kisitu hicho mbele ya baraza la mji. Asubuhi hiyo hiyo nyangumi wa aina adimu sana alikwama ufukweni, na waandishi wa habari wakajaa. Marehemu akageuza gari.

Barazani mwenyekiti alimuuliza wifi, "Mtaalamu yuko wapi, mama?"

"Yuko njiani," wifi akajibu.

Nyangumi alikufa jioni. Kisitu kilikatwa kabla ya mwezi kwisha, na yule ndege hakusikika tena.

Mji ukambatiza Bwana Nyangumi. Kila alipoitwa hivyo aliinamisha uso, nasi tukadhani ni unyenyekevu. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Wote wawili walikuwa adimu. Yule mkubwa alihitaji maji, si mimi. Mdogo alihitaji maneno yangu tu."

"Sasa mbona ulienda kwa mkubwa?"

"Kulikuwa na kamera, mdogo wangu."

Alianza kuugua figo mwaka 2016. Akiwa kitandani hospitalini alikataa ukumbi wa nyangumi pale makumbusho upewe jina lake. Alifariki tarehe 21 Februari mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi. Marehemu alikuwa ameshamwomba wifi radhi. Nyinyi mliompigia makofi hakupata ujasiri wa kuwaambia, ndiyo maana aliniagiza nisome haya leo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yetu mkubwa na mimi.

Sasa apumzike, kwa ile amani aliyojinyima.