Pampu ya Biliqo Haijatoka Mjini

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya ringi mbili za trela, kando ya barabara inayotoka Isiolo kwenda Merti, na kama hujawahi kuukalia basi kuna mambo mengi ya dunia hujaambiwa. Mugure anauza kahawa ya tangawizi kwa birika. Mbugua, ambaye tunamwita Kamusi, ana duka la misumari na mabomba hapo nyuma, na hakuna kitu asichoeleza hata kama hajaulizwa. Ewoi ni Satelaiti, dalali wa mbuzi, mtu wa kuona mambo kutoka mbali sana. Mimi ni Antony, Turbo kwa wanaonijua. Shule tuliachana nikiwa darasa la saba na mpaka leo sijaona nani alipata hasara kati yetu. Wiki iliyopita wezi walinyonya dizeli ya lori la Munene, lile la zamani la mdomo mrefu, likiwa limelala hapa hapa. Kijiwe kikakaa kikao, kikalifunga lile tangi: Kamusi akatoa tyubu kuukuu ya pikipiki, Satelaiti akakata, fundo nikapiga mimi. Tangu hiyo siku hakijapotea hata kijiko kimoja cha dizeli. Hata harufu haitoki. Basi fikiria leo saa nne asubuhi, tunamwona Munene anarudi polepole kutoka upande wa Gotu na pampu ya kisima ya watu wa Biliqo bado iko mgongoni. Injini ikakohoa mbele yetu, ikanyamaza.

— Tena? — Kamusi akauliza.

Munene akateremka, shati limemshika mgongo.

— Mara ya tatu. Inatembea vizuri, halafu inaishiwa nguvu, inazimika. Nikingoja kidogo inawaka kama haina makosa. Nikienda mbele, inazimika tena.

— Na huyo mama?

Ndani ya kebini, Nafiso wa kamati ya maji ya Biliqo alikuwa na simu sikioni. Hakuwa anaongea. Alikuwa anasikiliza tu, na hiyo ndiyo ilitutia baridi.

— Fundi wa kisima yuko huko tangu jana — Munene akasema, sauti chini. — Jioni anaondoka, harudi mpaka mwezi ujao. Ng'ombe wamesimama kwenye hori kavu. Nikitoka hapa sasa hivi, namkuta. Lakini nikizimikia kule mbele ya Gotu, hakuna mtandao, hakuna mtu. Mama atalala porini na pampu yake.

— Si apande lori lingine?

— Lipi? Yote yamebeba mifugo kwenda Nairobi. Iko hii tu.

Mugure akamimina kahawa bila kuulizwa. Hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya.

— Ni filta — Kamusi akakata kauli. — Filta ikijaa uchafu, injini inakosa kinywaji. Badilisha.

— Nilibadilisha jana. Nilinunua kwako.

Kamusi akakohoa kidogo.

— Basi si filta. Hizo zangu ni safi. Ni dizeli. Siku hizi dizeli inachanganywa na maji.

— Nimetoa kwa chupa, nikaiweka kwa jua. Haina maji.

— Umeiangalia na macho gani, Munene? Ya kulala au ya kuamka?

— Kamusi, leo sina nafasi ya hayo.

Satelaiti alikuwa amechuchumaa kando ya lori. Akaita bila kugeuka.

— Kujeni muone. Tangi limeingia tumbo.

Tukaenda, hata Mugure. Kweli, ubavu wa tangi ulikuwa umebonyea ndani, kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuiachilia.

— Hilo ni teke la ngamia — nikasema.

— Ngamia gani anapiga teke halafu rangi haikwaruziki? — Kamusi akauliza.

— Ngamia mstaarabu.

— Nyamazeni — Satelaiti akasema. — Mimi nimeelewa. Ndani kuna mjusi.

— Mjusi?

— Mjusi mkubwa. Lori likitembea, dizeli inamvuta, tumbo lake linaziba tundu la bomba. Injini inazimika. Lori likisimama, mjusi anaachiliwa, anaogelea kwenda zake. Ndiyo maana linawaka tena. Na hapo kwa ubavu ndipo anajigonga akitafuta mlango.

Uongo wa Satelaiti una shida moja, huwa unaingiana vizuri.

— Mjusi anapumua nini kwa dizeli? — Kamusi akauliza.

— Sasa wewe unataka nimjue mpaka na mapafu yake?

Singeweza kuacha heshima ya kijiwe iende kwa mjusi.

— Sikilizeni Turbo. Hii lori maisha yake yote imebeba mbuzi. Ikisikia mbuzi analia nyuma, inajua iko kazini. Leo mmeibebesha chuma. Kimya. Inafika kule mbele, haisikii kitu, inafikiri imepotea, inasimama. Weka mbuzi wawili juu ya hiyo pampu uone.

— Mbuzi wawili ninao — Satelaiti akasema haraka.

— Nyinyi mnacheka — Munene akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika pampu ndogo ya mkono, ile ya kusukuma dizeli, anaisukuma na haijibu.

— Nilimwambia huyu mama, lori yangu ni mzee lakini inafika. Yeye akaenda akawaambia watu. Watu wakaacha kuhamisha mifugo, wakangoja. Kwa sababu ya neno langu.

Mimi nikajifanya nachunguza gurudumu.

Mlango wa kebini ukafunguka. Nafiso akashuka, simu imezimwa, imefungwa ndani ya ngumi.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, mama.

— Mabomba ya pampu yameanza kuteleza huko nyuma. Kamba imekatika. Muna kingine cha kufungia?

Tukaangaliana. Kamusi ana duka zima la kamba hatua chache tu, na hakuinuka, maana bado alikuwa anatafuta jibu la mjusi.

— Mama, wacha kwanza tushughulikie injini — nikamwambia. — Hii ni kazi ya kichwa.

— Shughulikieni.

Akazunguka lori, anatazama huku na huku. Akafika kwenye tangi, akaona ile tyubu yetu, mikanda imezungushwa juu ya mfuniko mpaka inang'aa. Akaanza kuifungua.

— Mama, hapo usiguse. Hapo ni usalama.

— Iko mirefu na iko na nguvu — akasema. — Hii inanitosha.

Fundo langu lilimsumbua, nakiri kwa fahari. Akalitia meno. Mkanda wa mwisho ukalegea, akainua mfuniko.

Fyuuuuu.

Upepo, lakini si wa kutoka. Ulikuwa unaingia, mrefu, kama lori limekuwa chini ya maji tangu wiki iliyopita. Halafu ubavu wa tangi ukaruka nje: tu! Kamusi akajimwagia kahawa.

Munene akaweka kiganja juu ya mdomo wa tangi. Akakiondoa. Akakiweka tena.

— Ilikuwa haipumui — akasema polepole. — Dizeli inatoka, hewa haiingii. Inavutana mpaka injini inakosa kabisa.

Akarudi kwa ile pampu ya mkono, akasukuma mara chache, safari hii ikajibu. Akapanda. Lori likawaka, likanguruma, likaendelea kunguruma.

Nafiso alikuwa bado amesimama na kile kipande cha tyubu cha mviringo tulichokata kwa ustadi, tukakilaza chini ya mfuniko ili hata tone lisitoke. Akatuangalia mmoja mmoja, bila hasira.

— Nani alifunga hii?

Kamusi akaanza kusoma kibao cha duka lake mwenyewe. Satelaiti akatazama mbali sana, upande wa mlima. Mimi nikainama, nikafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Akakikunja kile kipande.

— Haya — akasema. Akaenda akafunga mabomba yake na ile tyubu, akapanda, wakaondoka.

Hakuna aliyekaa. Tulisimama barabarani tukisikiliza, kwa sababu asubuhi injini ilianza kukohoa pale pale kwenye kona ya mwisho ya mji. Ikafika kwenye kona. Ikabadilisha gia. Satelaiti alikuwa amenishika mkono, sijui tangu saa ngapi. Sauti ikaendelea, moja, haikatiki, ikawa ndogo, ikapotelea upande wa Gotu ikiwa bado nzima.

Tukarudi kwa ubao.

— Mimi tangu mwanzo nilisema ni mambo ya kupumua — Kamusi akasema.

Mugure akachukua birika lake.

— Yule mama aliwauliza kitu. Hamkumjibu.

Nikainua kikombe changu nikakipuliza, nikakipuliza tena, ili kahawa ipoe. Kilikuwa kitupu.