Ulimi Ulioikumbuka Bia ya Mapera

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, mkuu wa jopo la waonjaji wa kiwanda chetu atavua koti lake jeupe, atalikunja mara nne kama kawaida yake, na kustaafu. Kwenye kitambulisho ana jina refu la heshima, lakini kuanzia getini hadi kwenye mapipa hakuna anayelitumia. Sote, hata meneja, tunamwita Shangazi. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipowakemea wapakiaji wawili waliokuwa wakirushiana chupa, kisha akakaa chini na kuwagawia chakula chake cha mchana.

Wageni wakisikia kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kuonja bia, hucheka na kuuliza nafasi zinatangazwa lini. Tunawaacha wacheke. Hawajui kwamba Shangazi huonja saa nne asubuhi, ulimi ukiwa haujachoshwa na chakula, mafunda mawili tu kwa kila glasi, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Nyumbani hunywa chai. Akialikwa harusini huomba maji, kwani, kama anavyosema mwenyewe, fundi viatu haendi sherehani na nyundo.

Hakuanza akiwa mwonjaji. Aliajiriwa kuosha glasi za chumba cha kuonjea. Wakati huo jopo lilikuwa limekataa mapipa matatu mfululizo kwa sababu ya harufu ya ukungu, na mpikaji mkuu wa bia alikuwa amekonda kwa mawazo. Mabomba yalisafishwa, kimea kikabadilishwa, hamira ikatupwa. Harufu ikabaki palepale. Shangazi, akiwa na siku tisa tu kazini, alibisha hodi kwenye kikao cha wakubwa akiwa ameshika kitambaa cha kukaushia glasi, akawaomba wakinuse. Ukungu wote ulikuwa humo. Wataalamu saba wenye vyeti walikuwa wamekionja kitambaa kwa wiki mbili na kukiandikia ripoti. Mwezi uliofuata alipewa kiti kwenye jopo, na mpikaji mkuu akaanza kunenepa tena.

Chumba cha kuonjea kina sheria zake, na Shangazi alizisimamia bila kuangalia sura ya mtu. Hakuna manukato. Hakuna kitunguu tangu jioni ya siku iliyotangulia. Hakuna kukunja uso wala kuguna, maana uso wa mmoja huandika kwenye fomu ya mwenzake. Sheria hizo zilivuka ukuta wa kiwanda. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi, ameoga kwa sabuni isiyo na harufu kwa miaka ishirini na tisa, na hulalamika kwa kila mteja kwamba alioa mke akaletewa maabara. Binti yao wa mwisho, ambaye ni muuguzi, anasimulia kwamba akipika mchuzi mama yake hasemi mtamu wala mbaya. Hula kimya, uso mkavu, kisha hutaja chumvi, moshi, na dakika ambazo sufuria ilizidisha jikoni. Habari za kuaminika zinasema fundi cherehani ameshanunua sabuni ya waridi. Iko kabatini, inasubiri tarehe moja Julai.

Lakini jina la Shangazi litaambatana daima na bia yetu ya mapera. Ni bia ambayo hamira yake hupanda juu ya pipa inapochachuka, na ndiyo maana hubeba vizuri harufu ya tunda. Ilizaliwa miaka kumi na miwili iliyopita, na uchungu wa kuzaa ulikuwa mrefu. Pipa la kwanza la majaribio lilinukia peremende za watoto. La tano lilikuwa na kasoro ya uchachu, na mkubwa mmoja akashauri tuongeze rojo la mapera ili kuifunika. Kwenye fomu yake Shangazi aliandika maneno manne tu: la kuvunda halina ubani. Pipa likamwagwa.

Lililokubaliwa ni la kumi na saba. Fomu yake ya siku hiyo bado tunayo, na inafaa waajiriwa wapya waisome: "Rangi ya pera jekundu lililokatwa sasa hivi. Povu linakaa. Harufu ni ya pera lililoiva jana, si leo. Mdomoni linaanza tamu, unafuata ukali mdogo wa ganda, kisha uchungu wa maua ya hopi unakuja kufunga mlango. Mnywaji atataka glasi ya pili, na ya kwanza ataikumbuka."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mhariri wa jarida hili la kiwanda aliniuliza kama kweli nataka kuliandika. Nataka.

Mwezi wa Oktoba Shangazi alirudi kutoka likizo ya miezi miwili, baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Kwa miezi hiyo hakuonja bia hata tone. Binti yake alimpelekea mapera, akawa anakula mapera. Asubuhi ya kwanza kazini aliionja bia yetu, akaandika: "Hii si bia yetu." Tulishangaa, kwa sababu kila tunapoonja huwa tuna glasi ya kipimo, yaani bia iliyokwisha kukubaliwa, na pipa jipya hulinganishwa nayo. Pipa lile na kipimo chake vilikuwa sawa kabisa. Tuliokuwa mezani kumi na mmoja hatukuona tofauti yoyote. Shangazi akakionja kipimo, akaandika tena: "Na hiki si chetu."

Aliandika hivyo kwa wiki tano. Watu wakaanza kunong'ona kwenye korido. Wengine walisema ni dawa za hospitali zimemharibu ulimi, wengine wakasema ni umri tu, bi mkubwa wa watu amechoka, mwacheni amalize miezi yake kwa amani. Kisha meneja akapata barua isiyo na jina, ikisema kwamba ulimi wa mkuu wa jopo umekwisha, wenzake wanaona haya kumwambia, na bia nzuri itakuja kumwagwa bure. Meneja alimwita, akamwonyesha barua, akamwomba kwa adabu akae pembeni kwa muda. Siku iliyofuata tulionja bia huku kiti chake kikiwa kitupu.

Fikirini maana yake. Zilikuwa zimebaki takribani miezi saba. Mtu aliyejenga heshima yake yote juu ya ulimi alikuwa anaelekea kutoka getini huku watu wakimwonea huruma, na bia aliyoilea ingebaki mikononi mwa watu wasioweza hata kujua kwamba imepotea.

Hakubishana. Aliomba kitu kimoja: pipa dogo la majaribio, na ruhusa ya kumwita mpikaji mkuu wa zamani, aliyekwisha kustaafu, aje na daftari lake. Mzee alikuja na miwani miwili na daftari lenye madoa ya kimea. Wakakaa meza moja na Shangazi, wakapitia ukurasa baada ya ukurasa, na ukweli ukajitokeza wenyewe. Mwanzoni tulitumia rojo la mapera mabichi. Baadaye likaja la kugandishwa. Baadaye likachemshwa ili lisiharibike upesi. Uchungu ukawa unazidi, hopi zikapunguzwa. Kimea nacho kikabadilika. Kila badiliko lililetwa mbele ya jopo, na kila mara jopo lilisema kwa dhati kwamba halioni tofauti na kipimo. Lakini bia huzeeka, kwa hiyo kipimo chenyewe kilikuwa kinabadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na kipya kilichaguliwa kwa kufanana na kile kinachoondoka. Kwa hatua zisizoonekana, kipimo na bia vilishikana mikono vikapotea pamoja. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Hatukujua kwamba haba na haba hukimwaga pia.

Sahihi ya Shangazi ilikuwepo kwenye kila badiliko, na hakulificha hilo. Alilisema mwenyewe mbele ya meneja: alikosea pamoja nasi miaka yote hiyo, hadi goti lilipomtenga na glasi na mapera yakamkumbusha.

Bia ya daftari ilipikwa upya, ikachachuka, ikakomaa. Mwishoni mwa Januari tuliketi mezani kumi na mmoja, kila mmoja na glasi tatu zisizo na alama: mbili za bia ya sasa, moja ya daftari, na kazi yetu ilikuwa kutaja iliyo tofauti. Sote kumi na mmoja tuliitaja. Nilipoinusa glasi yangu ya pili nilijua papo hapo, na niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika miaka yangu kumi na tisa ya chumba kile. Lilikuwa pera lililoiva jana. Kisha Shangazi akawekewa glasi tisa zilizochanganywa. Alizitenga zote bila kosa, akapangusa meza, akauliza kama kuna kazi nyingine.

Tangu Aprili bia ya daftari imerudi kwenye mapipa makubwa. Kipimo hakichaguliwi tena kwa kukitazama cha jana. Kila msimu hupikwa kipya kutoka kwenye daftari, na sheria hiyo imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Shangazi.

Kuhusu ile barua: niliiandika mimi. Nilizipindisha herufi zake kama mtoto anayejifunza kuandika, nikaiacha mezani kwa meneja wakati wa mapumziko. Wiki iliyopita, nilipoambiwa kwamba nimeteuliwa kuwa mkuu wa jopo, nilikwenda kwa meneja kukiri na kukataa nafasi hiyo. Alifungua droo, akanipa pendekezo la Shangazi kuhusu mtu wa kumrithi. Lilikuwa na jina langu, na chini yake maneno haya: "Namtaka aliyeandika barua. Nimesoma fomu zake miaka kumi na tisa, hata apindishe vipi mwandiko namjua. Wengine waliona haya wakanong'ona. Yeye aliamini bia iko hatarini, akaandika. Amekosea tu nani mgonjwa." Niliangalia tarehe. Lilikuwa limeandikwa Januari, siku tatu kabla ya jaribio, wakati kiti chake bado kitupu na hakuna aliyejua kama atasafishwa jina.

Shangazi, kwa niaba ya wapikaji, wapakiaji, walinzi na wote kumi na mmoja wa meza ile, asante kwa kila funda. Tunakuombea goti jepesi, asubuhi za polepole, na mume anayenukia waridi mpaka umchoke. Mimi nakuomba radhi hadharani, maana kosa lenyewe nililifanya mafichoni. Na ukiwa huko nyumbani, siku utakapofungua chupa ukaona bia yetu imeanza tena kupotea, usituonee haya. Tuandikie barua, na utie sahihi yako, uwe jasiri kunishinda.