Mara Mia kwa Siku

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye treni alimsikia jirani yake wa kiti, kocha wa mpira wa wavu, akiagiza kwa simu masanduku ya kurukia yapangwe.

"Binti yangu alirukishwa masanduku kama hayo mara mia kwa siku, eti miguu ipate nguvu," alimwambia. "Kano la goti likakatika. Sasa anapanda ngazi kwa makalio."

"Pole sana, mama. Kuruka kunajenga misuli, ila huanzi na mia. Kocha wake alikosea."

"Wako wanaruka mara ngapi?"

Kocha alitazama dirishani, ingawa nje palikuwa na ukuta mtupu. "Mia na ishirini."

"Wapunguzie, baba."

"Fainali ni Jumamosi."

Treni ikasimama. Kocha akashuka haraka.

"Wana miaka mingapi?" mama akapaza sauti. Milango ikafungwa.