Florence Kawira na Haraka ya Mzee Kevin

Marehemu Florence Kawira alizaliwa tarehe 4 Agosti 1983 huko Nkubu, Meru, akiwa kifungua mimba wa Mama Salome Karimi na marehemu Mzee M'Mutwiri. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Nkubu, kisha akasomea uuguzi Nairobi na kuhitimu mwaka 2006.

Mwaka 2012 alikuja Doha kufanya kazi hospitalini. Wodini mwake alilazwa Mzee Kevin, mhandisi kutoka Ireland, ambaye kiharusi kilimpokonya Kiingereza chote kikamwachia Kiairishi cha utotoni. Kutwa aliita, "Deifir! Deifir!" Neno hilo hutamkwa kama "jefir", kwa hiyo wauguzi wakadhani anamtaka Jennifer wa maabara, naye maskini akaja mbio kila alipoitwa. Kawira akaamua kumpigia simu Stacy, binti wa mzee.

"Hiyo ni haraka," Stacy alimweleza. "Kwa lugha yetu mtu hasemi ana haraka. Husema *tá deifir orm*, haraka iko juu yangu."

"Kama mzigo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi dadangu, panda ndege leo. Baba yako amelemewa."

Stacy aliwasili kesho yake. Baba na binti walizungumza juma zima kabla mzee hajafariki, na Kawira akabaki na neno lile. Augustine Murithi, mlinzi wa hoteli moja West Bay, alipomsihi wafunge ndoa upesi, alimjibu, "Haraka iko juu yako, Murithi. Juu yangu bado." Ilimshukia mwaka uliofuata. Walifunga ndoa hapa Doha tarehe 20 Novemba 2015, wakajaliwa binti, Bella.

Septemba 2024 Kawira aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alivumilia matibabu, akiwatania wauguzi wenzake kwamba sindano zao zinauma kuliko zake. Machi 2025 alioka keki ya Bella, ingawa siku yake ya kuzaliwa ni Julai.

"Mama, si bado?" Bella aliuliza.

"Najua, mwanangu. Lakini nataka kukuona ukizima mishumaa."

Bella aliizima yote kwa pumzi moja. Kawira akapiga makofi mpaka ikabidi aketi.

Alituacha tarehe 9 Mei 2025, Augustine akiwa amemshika mkono. Atazikwa nyumbani, Nkubu.

Ameacha mume wake, Augustine. Binti yao, Bella. Mama yake, Salome. Mdogo wake, Wesley. Na wauguzi wa wodi nzima, ambao leo wamekuja na sare zao.

Lala salama, Kawira. Bwana akupe amani yake.