Mvua Haikuosha Maharage Yangu

Mwaghonile, wenzangu wa Lufingo, na ninyi wageni wetu wa Suma mliokuja kuona kikundi chetu kinavyofanya kazi. Wenzangu wa msikitini, asalaam alaykum. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na kwa kuwa anaujua mdomo wangu, ameshika saa mkononi. Sitamtaja mtu kwa jina. Mkosaji mtamjua tu, kwa sababu ndiye anayeongea.

Wengi mmeniona dukani Makandana. Babu yangu alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa huku, akabaki. Kwa hiyo mimi nimezaliwa kwenye vitambaa. Shamba nimelijua ukubwani, marehemu mume wangu aliponiachia nusu eka hapa Lufingo. Nikaingia kwenye kikundi, tukalima maharage machanga, yale ya kuchuma maganda yakiwa laini, ya mnunuzi anayepeleka nje ya nchi. Masharti tulisomewa wote: maji safi na sabuni ya kunawa kabla ya kuchuma, samadi iliyooza tu, na kila ukipuliza dawa uandike kwenye daftari umepuliza nini, lini, na utachuma lini. Dawa yetu ya wadudu mafuta inataka siku saba kabla ya kuchuma. Mimi ni mtu wa usafi, jamani, hata adui yangu anajua. Nikaona masharti haya kama yameandikwa kwa ajili yangu.

Msimu ule wadudu mafuta walikuja maganda yakiwa tayari. Nikapuliza Alhamisi. Ijumaa mvua, Jumamosi mvua, Jumapili mvua ya kutoboa bati. Jumatatu ndiyo siku ya gari la mnunuzi. Nikasimama kwenye tuta nikawaza: hizi siku saba zimeandikwa na watu wa nchi kavu. Huku kwetu kitu kikipitiwa na maji siku tatu mfululizo, si kimeshatakata? Nimekua nikifundishwa kwamba maji yanayotiririka yanatakasa. Basi nikajipa fatwa mwenyewe, nikachuma kreti nne.

Ndugu zangu, nawaambia, kosa hilo ni la mtu asiyejua. Linalofuata ndilo linaloniuma. Wiki ileile tukaambiwa mkaguzi anapita, na daftari langu lilikuwa jeupe tangu nipande. Nikakaa jikoni asubuhi, nakaanga vitumbua huku naandika. Miezi miwili nikaijaza kwa kalamu moja, na ile Alhamisi nikairudisha nyuma wiki nzima. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyekua akiandika risiti, hauna kasoro. Katibu alilinyanyua mbele ya watu akasema, "Daftari linatakiwa liwe hivi!" Nami nikatabasamu, nikarekebisha ushungi.

Baadaye majibu ya maabara yakarudi. Mabaki ya dawa kwenye mzigo wetu yamezidi kiwango. Wakati ule kreti zote zilipakiwa kwa namba ya kikundi, kwa hiyo ilijulikana ni sisi, ila haikujulikana ni nani. Mnunuzi akasema gari haliji mpaka tumjue aliyekosea na tuonyeshe tumerekebisha nini. Na maharage machanga hayasubiri kikao. Ukichelewa siku chache yanakuwa magumu, hata ng'ombe anayatafuna kwa kukuhurumia.

Tukakutana haraka. Bwana shamba akaeleza mambo ya dawa, nami nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyehusika, "Mwanangu, na kama mvua imenyesha?"

Akacheka. "Mama, dawa hii haikai juu ya jani tu. Mmea unainywa. Wewe ukishakunywa chai, nikikumwagia ndoo ya maji kichwani, chai itatoka tumboni?"

Watu walicheka sana. Mimi nilikumbuka kwamba maharage yaliyobaki siku ile nilimpikia mjukuu wangu kwa nazi, akala mpaka akalamba sahani. Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillah, hakuumwa hata tumbo. Lakini hamu ya kuuliza iliniisha, nikakaa chini.

Ndipo wakafungua madaftari. Kati yetu yuko dada mmoja, shamba lake limepakana na nyanya za jirani anayepuliza dawa kila mara. Shule hakufika mbali. Daftari lake lilikuwa limelowa, lina matope, limefutwafutwa, na mahali pa kuandika jina la dawa amechora kopo. Mzee wetu mmoja akalishika kwa vidole viwili. "Mwee! Daftali hili linajisemea lenyewe." Watu wakaguna kukubali. Langu likapita mikono mitano likisifiwa. Mtu akatoa hoja kwamba yule dada afutwe kikundini, mnunuzi aandikiwe leo hii, na mambo yaishe.

Nami nilinyamaza. Nataka mlisikie hilo, msiniharakishe kwenye uzuri. Nilijiambia yeye bado kijana, atapata kikundi kingine, mimi kwa umri huu nitaiweka wapi sura yangu? Nilikuwa tayari kabisa aondoke.

Akasimama, mtoto mgongoni. Hakulia, wala hakugombana na mtu. Alisema, "Mimi sijachuma kabla ya siku. Kila kopo nililochora, vile vistari vya pembeni ndiyo siku nilizongoja. Lakini kama nikitoka ndiyo gari linakuja, basi nitoke. Maharage yenu yanakomaa."

Akaanza kukaza mbeleko aende zake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikasema, "Kaa, mwanangu. Ni mimi." Na kwa kuwa nimezoea kutania, watu wakacheka! Nikalazimika kusema mara ya pili, na ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Nikaeleza Alhamisi, nikaeleza kreti nne, nikaeleza mpaka vitumbua.

Bwana shamba akalichukua daftari langu, akaligeuza huku na huku. "Kweli. Miezi miwili ya shamba la huku kwetu Rungwe, na halina hata tone la mvua."

Kikundi kilinisimamisha kuuza msimu mzima, na nilistahili. Gari likarudi tulipokubaliana kwamba kila kreti iwe na namba ya mkulima wake. Mimi nikachana kitambaa chekundu cha dukani, nikamgawia kila mwanachama. Ukipuliza, unakifunga kwenye mti shambani, na hakitoki mpaka siku zitimie. Anayepita njiani anakiona, hata kama kusoma hajui. Na aliyenifundisha kutunza daftari ni yuleyule dada: niandike kwa penseli kwa sababu kalamu inachuruzika na mvua, niliweke kwenye mfuko wa nailoni, niandike nikiwa bado nimesimama shambani. Alikuja kila wiki. Hakuwahi kunikumbusha jambo lile hata kwa utani, na hapo ndipo aliponiumiza zaidi.

Basi nashukuru. Bwana shamba, kwa kunieleza bila kunidharau. Wanakikundi, kwa kunisimamisha bila kunifukuza. Mzee wetu, aliyekwenda kwa miguu yake nyumbani kwa yule dada kuomba radhi. Ndaga fijo. Ninaloweza kuwaachia ni hili: anayekula maharage yetu hatujui, wala hana namna ya kutuuliza. Ameamini tu, kama mjukuu wangu alivyoamini sahani. Kwa hiyo daftari liandikeni kweli, hata likichafuka, na mkikosea semeni kabla mwingine hajabeba.

Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Namalizia. Wageni wetu wa Suma, nimesikia kwamba kwenu bado kuna maneno juu ya dada mmoja wa Lufingo aliyeharibu mzigo wa wenzake. Yeye nilimwomba msamaha uani kwake, akanipa. Lakini alichafuliwa kwenye masoko na njiani, mahali ambapo mimi sipo. Ndiyo maana nimeomba kusimama leo. Mkirudi nyumbani na mkayasikia tena maneno hayo, mkatizeni anayesema. Mwambieni ni mama wa vitambaa, yule wa Makandana, na kwamba amewatuma mwenyewe.