Baiskeli Isiyobeba Mzigo

Kijiwe cha Dadi kipo mjini Kasulu, nyuma kidogo ya stendi, kwenye kibaraza cha duka la Saady. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Ukikaa mwishoni bila mwenzio upande wa pili, utajikuta chini. Hapo ndipo watu wazima wanapoanzia siku. Wanakunywa kahawa ya Dadi yenye tangawizi ya kukwaruza koo, wanang'ata kashata, na kabla jua halijakaa sawa wameshamfukuza kocha wa timu ya taifa na kumtaja mchawi wa mtaa wa pili. Lakini mwaka ule wa 2013, miezi michache baada ya kambi ya Mtabila kufungwa na Warundi kurudi kwao, utani ulikuwa umepungua pale. Kambi ilibaki kuta tupu na migomba isiyo na mwenyewe, na watu wakawa wanafunga milango mapema.

Jumamosi hiyo Longinus alifika akiwa na kichwa kizito. Alikuwa bwana shamba, Mhaya wa Bukoba aliyepangiwa kazi Kasulu mwaka uliotangulia, na pale kijiweni jina lake halisi hakuna aliyelitumia.

— Mwakeye, Bwana Shamba! Umechelewa, kesi imeshafunguliwa, — alisema Dadi, akimkabidhi kikombe.

— Mwakeye, wazee. Kesi ya nani?

— Ya tairi, — alijibu Pasikali.

Pasikali ndiye waliyemwita Kamanda. Aliongoza ulinzi wa mtaa, na koti lake kubwa la kijani hakulivua jua wala mvua. Siku hiyo alikaa katikati ya benchi, mahali pa mwenye habari.

— Nimeona alama zake kwa macho yangu haya, — aliendelea. — Tairi la meno! Si la baiskeli ya Foniksi, la Foniksi tunalijua. Hili lina meno kama la trekta, ila jembamba. Linapanda njia ya juu, ile ya kwenda Mtabila, linaingia kwenye mwitu, linashuka mpaka kijitoni. Halafu halijadidimia.

— Halijadidimia kivipi, Kamanda? — aliuliza Obedi, kijana wa bodaboda waliyempachika jina la Breki kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo.

— Halina mzigo!

Hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kasulu baiskeli hubeba mkaa, hubeba mikungu ya ndizi, hubeba mgonjwa, na ikibidi hubeba jeneza. Mlimani husukumwa, haipandwi. Baiskeli inayopanda kilima tupu na kurudi tupu, watu hawakuwahi kuiona, na kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuifikiria mema.

Longinus alipeleka kikombe mdomoni, kahawa ikamchoma ulimi. Baiskeli yenyewe alikuwa nayo ndani ya chumba alichopanga nyuma ya duka hilohilo, imefunikwa shuka. Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya gia, isiyo na keria, aliyoinunua Morogoro alipokuwa chuoni. Kule alikuwa na wenzake. Kila mwisho wa wiki walipanda Uluguru wakicheka na kuanguka. Aliibeba mpaka Kasulu juu ya basi akiamini kwamba penye vilima vizuri namna ile hatakosa njia wala wa kuandamana naye. Wiki yake ya kwanza kijiweni aliuliza kama kwa mzaha: huku hakuna watu wanaoendesha baiskeli vilimani asubuhi, kwa afya? Breki akamjibu kwamba mtu mwenye afya hupanda pikipiki. Walicheka mpaka Saady akatoka dukani kuuliza kulikoni. Longinus hakuuliza tena. Njia alizitafuta mwenyewe, kwa kisingizio cha kukagua mihogo, kisha akawa anatoka peke yake alfajiri na kurudi kabla mtaa haujaamka. Hofu ikaja baadaye, siku muuza dawa ya panya aliyepotea njia alipopigwa huko vijijini mpaka akalazwa, kwa kuwa hakuweza kusema haraka anakwenda kwa nani.

— Hao ni majambazi, — alisema Breki. — Mi nakwambia, mwanangu. Wanapima njia. Pikipiki ina kelele, baiskeli haina. Wakishapima, usiku mmoja tu wanashuka, stendi yote wanaisafisha. Noma!

— Jambazi gani anayepima kila juma? — aliuliza Saady. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi. Watu wake wengine wako Tanga, na kila jambo la Kasulu alikuwa ameshaliona kubwa zaidi huko. — Sikilizeni, wajomba. Hao ni wapima madini. Yule mtu ana mashine ndogo kifuani, akipita juu ya dhahabu inalia. Tanga walikuja hivihivi. Mwaka uliofuata watu wakaambiwa hamisheni makaburi.

— Mashine inalia, na sisi hatuisikii? — aliuliza Breki.

— Ana waya masikioni.

— Eti waya masikioni! — Pasikali alitema punje ya kashata. — Mimi nasema ni watu waliogoma kurudi. Wapo mwituni wengi. Huyo anawapelekea habari.

— Habari bila mzigo?

— Habari ina uzito gani, Breki?

Breki alisogea karibu na wenzake.

— Kuna mama mmoja, — alisema kwa sauti ndogo, — nilimbeba juzi. Kaniambia kule kambini alfajiri unasikia mnyororo. Krrrr, krrrr. Ukigeuka, hamna mtu. Hiyo baiskeli, wakubwa, haina mtu juu.

Hata kama asingekuwa yeye mwenye baiskeli, Longinus angeogopa. Na kusema kweli aliogopa, maana hata yeye alikuwa na lake. Juu ya kilima kile kulikuwa na jiwe pana alilozoea kupumzikia. Juma lililopita alikuta juu yake mapera mawili yaliyoiva, yamepangwa vizuri pamoja, na kijiti kimechomekwa ardhini kikielekeza kijitoni. Nywele zilimsimama. Alijua watu hutega vitu namna hiyo, ukivigusa umekwisha. Hakugusa. Aliruka juu ya baiskeli akateremka bila kutazama nyuma, na tangu siku hiyo kila akipita pale hupita mbio. Leo hakwenda kabisa. Aliamka kichwa kinamgonga, akameza dawa akalala.

— Basi msihangaike, — alisema Pasikali, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekuwa akiisubiri zamu hiyo. — Nimeshatega.

— Umetega nini, Kamanda?

— Waya. Ule wangu wa nguruwe pori. Jana jioni, pale njia inapoingia mwituni na kuanza kushuka. Pana giza pale, na mtu anakuja kasi. Mti huku, mti huku, waya katikati. Jini halitagusa, litapita. Mtu akigusa, tutajua ni mtu.

Saady alisema Mungu ampe Kamanda maisha marefu. Breki alimpiga bega. Longinus aliweka kikombe chini. Pale mwituni aliachia breki kila siku. Ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote. Kumbe kichwa kilichomgonga alfajiri kilikuwa kimemwokoa. Alishukuru kimoyomoyo, kisha akajiambia kwa ukali: kaa kimya. Usiende tena, uza ile baiskeli, kaa kimya. Hakuna mwingine anayepita pale alfajiri, na waya utaning'inia mpaka upate kutu.

— Na hamjaniuliza kilichonitisha zaidi, — alisema Pasikali.

— Kipi tena?

— Wapo wawili.

— Wawili!

— Ego, ndiyo, wawili. Mwanzo lilikuwa tairi moja. Sasa yanakwenda mawili, hili pembeni ya lile. La pili lina meno mapana zaidi. Lile la kwanza likipita kushoto, na hili kushoto. Lile likisimama, na hili limesimama. Wa pili anamfuata wa kwanza.

Longinus alizihesabu safari zake. Siku zote alikwenda peke yake. Aliporudi alipita upande wa barabara, hakuwa na sababu ya kutazama alama za tairi lake mwenyewe. Basi alikuwapo mtu nyuma yake, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye kimya kile. Kwanza akaona sura ya jambazi. Halafu, polepole, akaona jambo lingine lililomtisha zaidi: kama si jambazi, basi ni mtu tu mwenye baiskeli, na leo yeye Longinus kalala, lakini yule wa pili huenda hakulala.

— Kamanda, — alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, — huo waya... ukimnasa mtoto wa watu?

— Mtoto wa watu anafanya nini kule alfajiri na baiskeli tupu?

— Labda anajifurahisha.

Wote wakamgeukia. Breki alianza kucheka, akaacha alipoona hakuna anayemfuata.

— Kujifurahisha kwa kupanda mlima, Bwana Shamba? — aliuliza Pasikali taratibu. — Wewe unamjua mtu wa hivyo?

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini akilini alimwona muuza dawa ya panya, uso wake ulivyovimba pale wodini, na akaona jinsi macho haya anayoyajua yalivyokuwa yakimpima. Aliona haya pia, kusema kweli, haya ya mtu mzima wa serikali anayepanda vilima bure. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

— Simjui, — alisema. — Nasema tu ungekwenda kuutazama.

— Nikimaliza kahawa.

Dadi alimsogelea na birika, akamwongeza kahawa ambayo hakuiomba. Dadi husema kidogo na husahau kidogo zaidi. Alitazama mikwaruzo ya miiba kwenye mikono ya Longinus, akanong'ona:

— Mwambie sasa, mwanangu. Mimi nitasimama na wewe.

Longinus alifumbua mdomo. Ndipo dada mmoja alipotokea kona ya stendi, amevaa kanga na ndala zisizofanana, anatembea haraka kama mtu anayejizuia kukimbia. Hawakuwa wamemwona pale kabla.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, binti, — Pasikali alimjibu. — Mbona unahema?

— Naitwa Odilia, natoka Murungu, kule Kibondo. Nipo hapa kwa kaka yangu Stanislaus, mwalimu mpya wa shule ya msingi. Nimeambiwa kijiweni hapa mnawajua watu wote. Namtafuta mtu mwenye baiskeli ya gia.

Pasikali aliweka kashata yake chini.

— Kaka anayo moja, — aliendelea, akidhani hawajamwelewa. — Aliachiwa na daktari wa kambini alipokuwa anaondoka. Hana wa kuendesha naye, anachekwa. Sasa huko njia ya juu kaona alama za tairi kama lake, akafurahi kama mtoto. Kila siku anazifuata, lakini mwenyewe hamkuti. Alimwachia hata mapera kwenye jiwe, na kijiti cha kumwonyesha njia nyingine nzuri ya kijitoni. Hakuyachukua.

Longinus alisimama. Benchi likainuka upande mmoja na kumtupa Breki chini, na hakuna aliyecheka.

— Leo katoka mapema zaidi, — alisema Odilia. — Kasema anakwenda kumngoja huko mbele, lazima amwone. Huwa anarudi chai haijapoa. Sasa jua ndiyo hilo na hajarudi. Ndiyo nauliza, huyo mtu ni nani? Yuko naye?

— Ni mimi, — alisema Longinus. — Dada, ni mimi. Leo sikwenda.

Alikuwa ameogopa neno hilo kwa miezi, na lilipotoka halikumfanya lolote. Hakuna aliyeinua mkono. Saady aliangusha kitambaa chake. Longinus alikuwa ameshakimbilia chumbani. Walisikia mlango, kisha wakaiona baiskeli ikitoka, shuka bado imening'inia kwenye usukani, matairi yake ya meno yakiwa na udongo mwekundu uliokauka.

— Breki, washa pikipiki! — alipiga kelele Dadi.

— Haina mafuta, mzee. Haki ya Mungu haina.

— Kamanda, panda! — alisema Longinus. — Wewe ndiye unayeujua mti. Panda!

Pasikali aliizunguka baiskeli akitafuta keria, akakuta haina. Ikabidi mtu mzima akalie bomba la mbele, upande, na koti lake lote, akishikilia usukani kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Odilia alikuwa hajaelewa. Alimtazama Dadi, akamtazama Saady, mpaka Dadi akamwambia kwa maneno machache, akitazama chini: mzee ametega waya njiani. Odilia hakupiga kelele. Alikwenda mbele ya baiskeli akaushika usukani, asiwaache waondoke kwanza.

— Baba, — alimuuliza Pasikali kwa upole kabisa, — waya umeufunga usawa gani?

Mkono mmoja wa Pasikali uliachia usukani ukapanda wenyewe, taratibu, mpaka kwenye kifungo cha juu cha koti, chini ya kidevu, ukabaki hapohapo. Nyuma yao kahawa ilifurika birika ikazima mkaa, na Dadi hakuigusa.