Greda Achagua Mashine ya Shamba

Asubuhi hiyo Greda alifika kijiweni na shati lililopigwa pasi, na wote wakajua kuna jambo. Kijiwe chenyewe ni benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, pembeni jiko la mkaa la Mama Birika, na watu wake hawaitani majina ya kwenye vyeti. Greda aliitwa hivyo kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliendesha greda la barabara, na jina hilo hakuwahi kuliona ni utani hata siku moja. Leo alikuwa na picha ya mashine mfukoni. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayeendesha shamba la familia tangu goti la baba lianze kumsumbua, alikuwa amempigia simu wiki moja kabla: “Baba, tunanunua mashine ya kuzoa samadi na kubeba majani ya ng'ombe. Kununua ni kazi yangu, kuchagua ni kazi yako.” Tangu hapo mzee akawa analala na maneno hayo na kuamka nayo. Binti angempitia hapo kijiweni waende wote dukani.

— Kwa hiyo leo wewe ni mshauri mkuu? — alimtania Wembe, yule kinyozi mwenye ukuta ule.

— Mshauri wa nini? Mimi ndiye mwamuzi, — alisema Greda, na kuikunjua picha juu ya goti lake lililo zima. — Tazameni.

Vichwa vikakutana. Kilikuwa kijiko cha kuzolea, kidogo, kifupi, kipana, na ndoo yake mbele kama mdomo wa kiboko.

— Kadogo hako, — alisema Antena, fundi redio, ambaye hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza. — Mtu wa greda unanunua kitu kinachoingia sebuleni?

— Ndiyo uzuri wake! Ujia wa banda langu ni mwembamba, niliujenga mwenyewe. Mashine hii, tairi za kushoto zinakwenda mbele, za kulia zinarudi nyuma, inazunguka pale pale iliposimama. Haiombi uwanja.

— Tairi? — Wembe alishtuka kama ametukanwa. — Chukua ya minyororo, bwana. Ile haijui tope, haijui pancha. Shemeji yangu aliiona moja ikipanda mlima.

— Mlima gani? — aliuliza Antena.

— Mlima tu. Ikafika juu, ikashuka upande wa pili.

— Minyororo inachimbua ardhi, — alisema Antena. — Leo imekwangua hapa, kesho pale, mvua ikinyesha udongo wote unahamia kwa jirani. Mwaka ukiisha jirani ana mashamba mawili na wewe una mashine.

Mama Birika alimimina kahawa huku akitikisa kichwa.

— Nyie hata ng'ombe mnawajua?

— Ng'ombe ndio wa kufikiriwa kwanza! — Antena alipata moto. — Mashine inayonguruma inawakausha maziwa. Ipakwe rangi ya madoa, ifanane nao, iingie bandani taratibu. Wakiizoea wataifuata kila inapokwenda. Hutahitaji mchungaji.

— Na ikizimika? — aliuliza Wembe.

— Watalala hapo hapo mpaka iwake.

— Basi mimi namwambia achukue kubwa kuliko zote, — alisema Wembe, naye hakutaka kuachwa nyuma. — Wezi wakisikia mngurumo watadhani serikali imekuja kujenga uwanja wa ndege. Shamba litaheshimika. Hata mvua itakuja kuangalia kuna nini.

Greda alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Hakuwa akitaka ushauri wao, alitaka wawepo. Barabara zote wanazopita hawa, alizisawazisha yeye. Sasa mtoto wake mwenyewe amemwona bado ana kichwa cha mashine. Wiki nzima alikuwa ameshajiona kitini, mikono kwenye vishikio, ng'ombe wakimpisha.

Gari dogo likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye buti za shambani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu! — wakajibu kwa pamoja, na kila mmoja akaanza kumshauri juu ya minyororo, madoa na wezi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaichukua picha.

— Ni hii, baba?

— Ndiyo hiyo. Usitafute nyingine.

Aliitazama kwa muda, akaipinda kidogo kuikwepesha jua.

— Mlango wake uko wapi?

Wembe aliinyakua picha, akaigeuza nyuma kana kwamba mlango umechapwa huko. Ubavu mmoja kulikuwa na mkono wa chuma wa kunyanyulia ndoo. Ubavu wa pili hivyo hivyo.

— Labda juu, — alisema Antena, bila nguvu.

— Ni mbele, — alisema Greda. — Unakanyaga ndoo, unainama, unapita katikati ya mikono, unageuka, unakaa.

Alisikia maneno yake mwenyewe, akaunyoosha mguu wenye goti bovu.

— Na wewe utaingiaje, baba?

Hakuna aliyeliangalia goti lake, na hilo lilimuuma kuliko kama wangeliangalia.

— Kuna ile nyingine, — binti alisema kwa upole. — Ina mlango wa ubavuni na ngazi. Tuchukue hiyo, uendeshe mwenyewe.

Aliitaka. Mungu anajua alivyoitaka. Akafumba macho akaiona inaingia bandani, halafu akaona inavyokwama.

— Ile inajikunja katikati, inataka nafasi ya kugeukia. Itaishia mlangoni pa banda, na samadi utaendelea kuitoa kwa koleo. Hapana.

— Lakini baba…

— Uliniambia nichague. Hukuniambia nipande. Tunachukua hii, na utaiendesha wewe. Mimi nitasimama chini nikufundishe, na ukikosea nitakufokea kama nilivyofokewa mimi.

Binti aliuma mdomo, kisha akacheka, macho yamelowa. Akampa mkono ainuke.

— Atakuwa dereva hatari huyu, — Greda aliwaambia wenzake, bila kuuachia mkono ule. — Mtasikia.

Greda akatangulia kwenda kwenye gari, akichechemea, kifua mbele.